Kurasa Arobaini na Moja

Porto, Februari, mvua ina siku ya sita.
Nimepanda ngazi na mkoba wenye kurasa arobaini na moja
nilizoziandika usiku, kila aya nimeinoa,
kila "kwa hiyo" nimeigongomea kama msumari.
Mpatanishi, Zulmira, mwalimu mstaafu wa hesabu,
anautazama mkoba, anasema kwa upole:
"Wakili, huo uweke chini ya kiti."

Chini ya kiti!
Miaka ishirini na sita nimelipwa kwa ulimi wangu,
leo nalipwa niuume.

Upande huu mteja wangu, Otília Varejão:
chupa elfu thelathini zinanuka ukungu,
divai ya mavuno ambayo baba yake hakuwahi kuyaona.
Upande ule Belmiro Cascalho, mkata vizibo wa Coruche,
kucha nyeusi kwa magome ya mwaloni,
na wakili wake kijana anayebofya kalamu, ta, ta, ta,
kana kwamba anahesabu dakika za malipo.
Mwamba ngozi huvutia kwake.
Sisi wawili tumesomea kuvuta.
Kuiachia hakukuwamo kwenye mtihani.

Teles, niliyesoma naye, hunicheka. Yeye ni mtu wa usuluhishi:
chumba chenye zulia, wasuluhishi watatu,
mmoja wako, mmoja wangu,
wa tatu wa kuwaamua hao wawili;
hakuna mwandishi wa habari, hakuna rufaa,
na hukumu yake huitwa tuzo.
Niliwahi kuipata tuzo hiyo.
Mteja alilipia wasuluhishi, ukumbi, mkalimani,
akabaki na ushindi mkononi na benki mlangoni.
Nikimkumbusha, Teles huagiza kahawa nyingine.

Mahakama? Naipenda, sifichi.
Napenda joho. Napenda karani anavyokosea majina.
Kesi yangu ndefu kuliko zote ilikwenda miaka tisa,
ugomvi wa ukuta wa bustani.
Tulishinda. Mteja alikuwa kaburini,
na ukuta ulikwisha kuanguka wenyewe.

Saa ya tatu ya kikao, Belmiro akatoa kizibo mfukoni,
akakinusa, akakisukuma katikati ya meza.
"Magome hukaa nje miezi sita, juu ya saruji," akasema.
"Mwaka ule niliyapanga juu ya udongo.
Saruji ilipasuka, fundi alitaka fedha.
Nilijua."

Kalamu ikanyamaza.
Neno moja tu, *nilijua*!
Mahakamani ningelirukia kama paka.
Mkono wangu ukashuka wenyewe, ukagusa mkoba,
na Otília akanikanyaga mguu.

Akauliza, si kwangu, si kwa Zulmira:
"Miti ya kuvuliwa kiangazi hiki ina namba gani?"
"Sita," akajibu Belmiro.
Maana mwaloni ukivuliwa gome huandikwa mwaka kwenye shina,
kisha huachwa miaka tisa ujivike upya.
Miaka tisa. Nikaufikiria ule ukuta.
Wakaendelea kuongea miti, nusu bei, lori la nani,
yeye aende mwenyewe akachague,
nasi mawakili tumekaa kama miavuli miwili
iliyosahauliwa pembeni, inachuruzika.

Mkataba: ukurasa mmoja na nusu.
Kifungu cha mwisho: haya yote ni siri.
Kwa hiyo kesho mwenye divai mwingine akilia ukungu
hatakuta pa kushika, hakuna hukumu ya kunukuu.
Wawili wamepona; sheria haikujifunza kitu.
Hili linanikera, na litanikera hata baada ya kulipwa.

Ngazini kijana akaniuliza, kwa sauti ya chini:
"Samahani, mwenzangu, kwenye ankara unaandikaje?
Kunyamaza kunatozwa kwa saa?"
Nilifungua kinywa nimjibu.
Juu yetu Zulmira aliinama kwenye reli, anaita:
"Wakili! Mkoba wako!"